Wapeni vijana daftari na filimbi

Katika ligi za vijana wa Mathare, Nairobi, timu inaweza kushinda mechi yake na bado ikapitwa kwenye jedwali na timu iliyofungwa. Ushindi uwanjani una pointi 3. Kazi ya usafi iliyokamilika, yaani kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa wao wenyewe, ina pointi 6. Mshambuliaji hodari anayebaki kitandani wakati wenzake wameshika koleo na toroli huiponza timu kuliko beki aliyejifunga.

Utaratibu huo ni wa Mathare Youth Sports Association, chama ambacho mitaa yote ya Eastlands hukiita MYSA. Kilianza mwaka 1987. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira jijini Nairobi, aliwakuta watoto wa bonde la Mathare wakisakata mpira wa kujitengenezea, taka zikiwa zimerundikana kando, wakafikia makubaliano mafupi: mkifanya jambo, chama nacho kitafanya jambo, msipofanya kitu, msitarajie kitu. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikitunuku chama hicho tuzo ya Global 500. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, iliyotwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008 chini ya kocha Francis Kimanzi, ambaye mwenyewe ni zao la Mathare. Siku hizi wanachama wa MYSA ni zaidi ya 20,000, wavulana kwa wasichana.

Vikombe hivyo vimeandikwa sana. Kisichoandikwa vya kutosha ni nani hasa anayeifanya kazi. Waamuzi ni vijana. Makocha wa watoto wadogo ni vijana. Kamati zinazopanga ratiba na kusikiliza malalamiko zina vijana waliochaguliwa na vijana wenzao. Mchezaji aliyeonyeshwa kadi nyekundu hutakiwa kuchezesha mechi za watoto kabla ya kurudi kwenye timu yake, na hapo ndipo anapoonja jinsi ilivyo kushika filimbi huku kila upande unakupigia kelele. Mwamuzi hubeba pia kadi ya kijani, ya kumpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote. Anayejitolea kufundisha, kuamua au kuongoza usafi hujikusanyia pointi za uongozi, na pointi hizo humsaidia kupata karo ya shule.

Nimezunguka kwenye klabu za mitaani kwa miaka, za mpira, za ngoma, za sarakasi, za mazingira, na imani yangu imezidi kukomaa: klabu ya vijana huishi pale vijana wanapokabidhiwa kazi yenyewe. Fedha husaidia. Jezi hupendeza. Mhisani hukaribishwa. Lakini mahali ambapo mtu mzima mmoja ndiye mwenyekiti, mweka hazina, kocha na mshika ufunguo wa stoo, klabu ile ni yake peke yake, na siku akihama au akichoka inahama na kuchoka pamoja naye.

Mpira wa vitambaa na ufunguo wa stoo

Mtazame mtoto wa miaka tisa anavyotengeneza mpira. Kiini ni soksi kuukuu iliyojazwa vipande vya godoro. Juu yake anaviringa vitambaa, safu baada ya safu, akivivuta kwa meno ili visilegee. Kisha anachukua kamba, anaipitisha kwa mapana na marefu mpaka iwe wavu wa vifundo unaobana kila upande. Anaudundisha mara moja, anauzungusha mkononi, anaona pale ulipovimba, anafungua na kufunga upya. Zamani mifuko ya plastiki ndiyo iliyoupa mpira huo wepesi wake. Tangu Kenya ilipoipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, nguo kuukuu zimechukua nafasi. Huko Tanzania mechi ya mpira wa namna hii huitwa chandimu, na hakuna mtaa usioijua.

Mtoto huyu ameshapanga kazi, amekagua ubora na amerekebisha kasoro, bila kusimamiwa na yeyote. Halafu siku moja inafika gari na mipira mipya ya dukani. Picha zinapigwa. Mipira inapelekwa stoo, na ufunguo unaingia kwenye mfuko wa mtu mzima anayeishi mtaa wa pili. Jumamosi ijayo watoto wamefika saa mbili, ufunguo haujafika. Wanarudia vitambaa vyao.

Kosa hapa ni dogo na dawa yake iko karibu. Mtunza vifaa awe kijana wa miaka 14 au 15 aliyechaguliwa na wenzake, mwenye daftari la kuandika nani amechukua nini na amerudisha saa ngapi. Atapoteza mpira mmoja mwaka wa kwanza, pengine miwili. Mwaka wa pili hatapoteza, kwa kuwa wenzake watakuwa wamemuuliza mbele ya kikao.

Watoto wakifundishana

Mathare haiko peke yake katika jambo hili. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, kwa kambi iliyozaa skauti. Aliwagawa katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake mvulana. Mzee huyo alimalizia maisha yake Nyeri, akafariki Januari 1941 na kuzikwa huko huko, na maskauti kutoka pande zote za dunia hufika kulizuru kaburi lake. Sare na vyeo vya enzi ya ukoloni vimepitwa na wakati. Kikosi cha watoto sita hadi wanane chini ya mtoto mwenzao bado kinafanya kazi hata leo, kwa sababu ukubwa wake unamruhusu kiongozi mdogo kumjua kila mtu kwa jina.

Dar es Salaam nayo ina hadithi yake. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika kwenye baraza ya nyumba ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe. Walikuja na machungu yao: uvuvi wa baruti, ujangili, watoto wanaolala mitaani, wanyama wanavyoteswa sokoni. Goodall aliwahimiza warudi mashuleni, wawakusanye wenzao wenye uchungu kama wao na waunde vikundi, kila kikundi kijichagulie la kufanya kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira. Huo ndio mwanzo wa Roots & Shoots. Goodall alipofariki Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, vikundi hivyo vilikuwa vimeenea katika nchi zaidi ya 60. Mbegu yake ilikuwa wanafunzi 12 na baraza.

Na kule Katwe, Kampala, kocha Robert Katende aliona kwamba kwenye uwanja wake wa mpira kuna watoto wanaokaa pembeni. Hawakuwa wachezaji wa mpira, au waliogopa kuumia. Karibu mwaka 2004 akawaletea ubao wa sataranji, na uji. Watoto wengi walivutwa kwanza na uji, naye hakuona aibu ya hilo, maana mtoto mwenye njaa hawezi kufikiria hatua tatu mbele. Phiona Mutesi alipofika pale hakujua hata jina la mchezo. Aliyefundisha vidole vyake kusogeza kete za kwanza alikuwa mtoto wa kike mdogo kuliko yeye kwa umri. Mwaka 2012 Phiona alipata cheo cha kimataifa cha sataranji, na mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu iliyotazamwa duniani kote. Katende alijua mengi kuliko yule mtoto wa kike, lakini aliona kwamba anayefundisha hujifunza mara ya pili, akamwachia nafasi.

Tunayo pia mifano ya upande wa pili. Wazazi wengi wa Kenya wanazikumbuka klabu za 4-K za shuleni, herufi za Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambamo watoto walilima bustani na kufuga sungura. Miaka ilivyosonga zikafifia, mpaka serikali ilipozizindua upya mwaka 2021. Ukiuliza katika shule nyingi kwa nini klabu fulani ilikufa, iwe ya kilimo, ya uigizaji au ya skauti, jibu huwa moja: mwalimu wake alihamishwa. Jibu hilo linasikitisha kwa sababu wanafunzi hawakuhamishwa. Walikuwepo, jembe lilikuwepo, shamba lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtoto hata mmoja aliyewahi kukabidhiwa madaraka ya kuita kikao.

Jumamosi ya kwanza

Kwa anayetaka kuanzisha klabu, ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua shughuli moja. Mabango ya klabu changa hutangaza soka, ngoma, ushonaji, kompyuta, ushauri nasaha na upandaji miti kwa pamoja, halafu mwezi wa tatu hakuna hata kimoja kinachofanyika. Chagua kile ambacho tayari vijana wa mtaa wako wanakifanya bila kuitwa. Kama jioni wanacheza drafti kwenye kibaraza cha duka, anza na drafti. Kama wasichana wanasuka nywele na kucheza ngoma, anza hapo. Ghetto Classics ya Korogocho, Nairobi, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008, ilijikita kwenye muziki wa ala, vinanda na tarumbeta katika kitongoji kilicho jirani na jalala la Dandora, na kwa kushikilia jambo moja imefika mbali.

Pili, chagua siku, saa na mahali, usivibadilishe. Kijana wa mtaani amezoea ahadi zinazoahirishwa. Jumamosi saa tatu asubuhi iwe Jumamosi saa tatu asubuhi, mvua inyeshe au isinyeshe, wafike ishirini au wafike wanne. Mahali pasiwe pa kifahari: uwanja wa shule wikendi, ukumbi wa kanisa, kivuli cha msikiti baada ya darasa la madrasa, ukumbi wa kijamii wa kata. Kabla ya yote nenda ukamwone mzee wa mtaa na chifu, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama uko Tanzania. Watu hawa wakisikia habari zako kutoka kwa wengine watakuwa na maswali. Wakizisikia kutoka kwako watakuwa na ushauri.

Kikao cha kwanza kiwe kifupi, na mtu mzima aseme kidogo. Waulize vijana wanataka nini, kisha wewe uwe mwandishi wao. Waachie watunge sheria tano za klabu kwa maneno yao. Utashangaa jinsi walivyo wakali: faini ya kuchelewa, adhabu ya kutukana, marufuku ya kumcheka anayejifunza. Sheria waliyoitunga wenyewe wataisimamia hata ukiwa hupo. Penye wengi pana mengi, kwa hiyo patakuwa na ubishi, na ubishi huo ni sehemu ya mafunzo. Kijana aliyejifunza akiwa na miaka 13 kushindwa kura na bado akarudi Jumamosi ijayo amepata jambo ambalo watu wazima wengi hawajalipata.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sijaona kitu kinachoua klabu za vijana kama shilingi mia mbili zisizojulikana zilipo. Wizi mkubwa ni nadra. Kinachoharibu ni minong'ono. Fulani amenunua viatu vipya, na wiki iliyopita tulichanga nauli. Mwezi haujaisha, kundi limegawanyika mapande mawili.

Daftari la kurasa 48 linatosha. Safu ya kwanza tarehe, ya pili zilizoingia, ya tatu zilizotoka, ya nne zilizobaki, ya tano sahihi mbili. Mweka hazina asome ukurasa huo kwa sauti mwanzoni mwa kila kikao, hata kama kilichobaki ni shilingi arobaini. Fedha zikianza kukua, zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, ambao kwa sheria lazima wawe watu wazima, lakini daftari libaki mikononi mwa vijana ili mahesabu ya wakubwa yakaguliwe na wadogo.

Usajili una wakati wake. Nchini Kenya, Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kundi liwe na watu wasiopungua 10, katiba yake na viongozi waliochaguliwa, na maombi hupelekwa kwa maafisa wa maendeleo ya jamii. Tanzania, mlango wa kuanzia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Cheti hufungua akaunti, huombea uwanja na huwatuliza wazazi. Ila nawasihi vijana msikimbilie cheti kwa ajili ya mkopo. Hazina kama Youth Enterprise Development Fund, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2006, na ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri za Tanzania huwatengea vijana, ni za biashara. Kundi lililounganishwa na mkopo tu husambaratika marejesho yanapoanza. Jueni kwanza kufanya kazi pamoja kwa mwaka mzima. Mkopo utawakuta mmeshazoeana.

Wasichana wako wapi?

Simama kwenye uwanja wowote Jumamosi asubuhi uhesabu. Wavulana wamejaa, wasichana wako wachache pembeni, mmoja amembeba mdogo wake mgongoni. Wengine wako bombani wakipanga foleni ya maji, au jikoni, au wanafua sare za shule za familia nzima. Klabu inayosema milango yake iko wazi kwa wote bila kutazama saa za msichana imemfungia nje kimyakimya.

MYSA yenyewe ilianza na wavulana. Soka ya wasichana iliingia mwaka 1992, miaka mitano baadaye, na ilihitaji kuzungumza na mzazi mmoja mmoja nyumbani kwake. Njia hiyo bado ndiyo inayofaa. Mwendee mama kwa heshima, mweleze binti yake atakuwa wapi, na nani, mpaka saa ngapi, na nani atamsindikiza kurudi. Muulize saa gani kazi za nyumbani hupungua, kisha panga ratiba kwa saa hiyo hata kama wavulana watanung'unika. Mruhusu msichana aje na mdogo wake, na mkeka mmoja uwekwe kivulini kwa ajili ya wadogo hao. Na kwenye kamati, nafasi za uamuzi zigawanywe nusu kwa nusu, maana msichana aliyepewa kazi ya kugawa chai peke yake hajapewa klabu.

Kumlinda mtoto ni kazi ya mtu mzima

Kuwakabidhi vijana uongozi hakumwondolei mtu mzima wajibu wake. Kuna jambo moja ambalo halikabidhiwi: usalama. Mahali popote watoto wanapokusanyika, mtu mwenye nia mbaya anaweza kujipenyeza akiwa na filimbi shingoni na peremende mfukoni. Klabu nzuri huweka masharti mapema na kuyabandika ukutani. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto chumbani au garini. Safari yoyote ina ruhusa ya mzazi iliyoandikwa na watu wazima wasiopungua wawili, mmoja wao mwanamke pale wasichana wanapokuwepo. Hakuna ujumbe wa siri wa simu kati ya kocha na mtoto. Kila mtoto afahamu kwamba akiona jambo linalomtia wasiwasi anaweza kupiga 116 bila malipo, nambari ya kuwasaidia watoto inayotumika Kenya, Tanzania na Uganda.

Mzazi anayetafuta klabu ya kumpeleka mwanawe anaweza kuanza na masharti hayo. Fika siku ya mazoezi bila kutangaza, ukae pembeni nusu saa. Tazama mtoto asiyejua kucheza anatendewaje, kwa sababu hodari hupendwa kila mahali. Uliza kuona daftari la fedha na orodha ya mahudhurio. Uliza nani aliyekuwa kiongozi mwaka jana na sasa yuko wapi. Klabu ambayo kiongozi wake wa jana leo anafundisha wadogo iko salama zaidi kuliko ile yenye jina moja juu ya kila bango tangu ilipoanzishwa.

Na kwako kijana unayesita kujiunga kwa kuwa huna kipaji: klabu ina kazi nyingi kuliko vipaji. Inataka wa kuchora mistari ya uwanja kwa majivu, wa kuandika majina, wa kubeba maji, wa kumkumbusha kocha saa. Wachezaji wengi wa soka utotoni hawatavaa jezi ya taifa, na hilo halipunguzi thamani ya Jumamosi zao. Mcheza kwao hutunzwa. Mtaa unaomwona binti wa miaka 16 akichezesha mechi ya watoto bila upendeleo utamkumbuka siku atakapoomba kura ya kamati ya maji, au kazi, au dhamana ya mkopo. Jina zuri hujengwa hivyo, mbele ya majirani.

Likizo ya shule ikikaribia, mitaa yetu itajaa watoto ambao muda wao hauna mwenyewe. Kila mtaa una mwalimu mstaafu, fundi, askari wa zamani, mama wa kwaya, kijana aliyerudi kutoka chuoni bila ajira. Mmoja wenu anatosha kuanza. Waite watoto kumi, chagueni siku, andikeni sheria tano. Kisha fanya lile lililo gumu kwa sisi watu wazima: mwezi wa pili mkabidhi kijana daftari, mwezi wa tatu mkabidhi filimbi, na wewe ubaki pale kila Jumamosi kuhakikisha kwamba wako salama. Watakosea mahesabu na watakosea maamuzi. Waacheni wakosee wangali wadogo, penye hasara ndogo na watu wa kuwasahihisha, kwa sababu miaka kumi ijayo hawa hawa ndio watakaoshika fedha na sheria za mji huu, na tutataka wawe wamekwisha kuzoea.